Kabla ya kushangilia kadi 100 za PGA Tour, tuurudie msimu wa 2024

Novemba 2024 bodi ya PGA Tour, ile tour kuu ya gofu Marekani, ilipitisha mabadiliko ambayo wengi wetu tuliyapita juu juu, maana msimu ulikuwa unaishia na kila mtu bado alikuwa anamuongelea Scottie Scheffler, namba moja wa dunia. Kuanzia 2026 wanaobaki na kadi kamili, yaani haki ya kucheza tour msimu unaofuata, ni 100 bora, sio 125 tena. Korn Ferry, ile tour ya chini ambayo watu wanapandia, inatoa kadi 20 badala ya 30. Na yale mashindano ya watu 156 ndio basi, mwisho 144, mengine 132 au 120 kutegemea na urefu wa mchana. Mashabiki wengi niliowasoma walipongeza tu, kwamba tour imejisafisha, wabaki wanaojua kazi. Mimi naomba tuurudie msimu wenyewe wa 2024 taratibu, kwa sababu kila nikiuangalia naona unasema kitu kingine kabisa.

Wanaotaka kupunguza wana hoja na tuwasikilize. Ukiwa na watu 156 uwanjani jua linazama Ijumaa raundi ya pili haijaisha, inabidi wamalizie Jumamosi asubuhi, mchujo wa kuwaondoa walio nyuma baada ya raundi mbili unachelewa, ratiba yote inavurugika. Lakini hoja yao nzito kuliko zote inamhusu mchezaji mwenyewe: mtu anapanda kutoka Korn Ferry na kadi yake mkononi, akifika huko anakuta wiki nyingi nafasi zimejaa, yuko kwenye orodha ya kusubiri, kadi anayo ila kucheza hachezi. Sasa si bora uwape 20 wacheze kweli kuliko 30 ambao nusu yao wanasubiri kupigiwa simu? Hapo siwabishii hata kidogo.

Halafu kuna presha ya pesa. LIV, ligi pinzani ya gofu, waliingia 2022 na hela za mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, wakati ule zawadi dola milioni 25 kwa shindano, wachezaji hawafiki hata 60, raundi tatu, hakuna mchujo, na Disemba 2023 wakambeba staa Jon Rahm. PGA Tour ilibidi ijibu, na jibu likawa yale mashindano 8 wanayoyaita Signature, mengi yakiwa na zawadi ya dola milioni 20, wachezaji 70 mpaka 80 hivi. Januari 2024 wakaingia wawekezaji wa Strategic Sports Group na dola bilioni 1.5 za kuanzia, na mwekezaji wa namna hiyo anataka Jumapili TV ionyeshe sura zinazojulikana. Inaeleweka.

Na Scheffler aliwapa walichokitaka. Ushindi mara 7 kwenye tour, ndani yake mashindano makubwa ya Masters na Players, dhahabu ya Olimpiki Paris juu yake, pesa rasmi za msimu zaidi ya dola milioni 29 kabla hujahesabu bonasi ya milioni 25 ya FedEx Cup, ule ubingwa wa jumla wa msimu. Ni msimu wa kusimulia watoto.

Ila hebu shika hii hesabu. Signature zilikuwa 8. Scheffler alichukua 4 peke yake: Arnold Palmer, RBC Heritage, Memorial na Travelers. Nne zilizobaki wakagawana Chris Kirk, Wyndham Clark, Hideki Matsuyama na Rory McIlroy. Mashindano 8, washindi 5, na hao wote walikuwa majina makubwa tayari au walishawahi kushinda kwenye tour. Sasa jiulize zile stori zilizotufanya wengine tukeshe mpaka saa saba usiku Jumapili zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye mashindano ya kawaida, yale ambayo sasa yanapunguzwa watu. Januari Nick Dunlap, miaka 20, mwanafunzi wa chuo Alabama, anaalikwa American Express akiwa mchezaji wa ridhaa na anashinda, wa ridhaa wa kwanza kushinda PGA Tour tangu Phil Mickelson 1991, na kwa kuwa haruhusiwi kulipwa zile dola 1,512,000 za mshindi zikaenda kwa wa pili, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Wiki iliyofuata pale Torrey Pines Matthieu Pavon anakuwa Mfaransa wa kwanza kushinda PGA Tour katika zama hizi. Februari Jake Knapp, aliyewahi kuwa baunsa wa klabu ya usiku, anashinda Mexico Open akiwa ametoka Korn Ferry. Grayson Murray, naye alikuwa amerudi kupitia Korn Ferry baada ya kupitia mengi maishani, alishinda Sony Open Hawaii kwa mikwaju ya ziada, na miezi minne baadaye akafariki, Mungu ampumzishe. Na Houston mwishoni mwa Machi, Scheffler akiwa ametoka kushinda mawili mfululizo na watu wanaona la tatu ni lake, Stephan Jäger, Mjerumani aliyesota miaka Korn Ferry, akampita kwa mkwaju mmoja.

Halafu Robert MacIntyre. Huyu kijana wa Oban, Scotland, alikuwa ameshasema wazi kwamba maisha ya Florida yanamshinda, amemiss nyumbani. Canadian Open inafika hana kedi, anampigia baba yake Dougie, mtunza uwanja wa gofu kule kwao, mzee anapanda ndege anakuja kubeba begi, na wanashinda. Baba na mwana wote wanalia mbele ya kamera. Julai MacIntyre anashinda tena Scottish Open, nyumbani.

Najua nitajibiwa kwamba stori tamu sio mfumo, na kwamba mlango haujafungwa, umebanwa tu. Sawa, tuongelee mfumo basi, maana hapo ndipo penye shida yangu hasa.

Kuwabakiza 100 kungekuwa haki kama wote wangecheza msimu mmoja. 2024 ilikuwa misimu miwili ndani ya mmoja. Mshindi wa Signature anapata pointi 700 za FedEx Cup, ndizo zinazopanga orodha ya kadi, mshindi wa shindano la kawaida 500. Kati ya Signature 8, tano hazikuwa na mchujo kabisa, yaani ukishaingia hata ucheze vibaya Alhamisi na Ijumaa utafika Jumapili na utaondoka na pointi na hela. Na nani anaingia? Wale 50 bora wa msimu uliopita moja kwa moja. Kwa hiyo aliye ndani anakusanya pointi dhidi ya watu 70, aliye nje anapigana na watu 144 au 156, akikosa mchujo kwa mkwaju mmoja anarudi na sifuri. Mwisho wa mwaka unawapanga wote kwenye orodha moja unasema wa 100 amebaki wa 101 ametoka. Huyo wa 101 amezidiwa gofu au amezidiwa ratiba? Kwa pointi zile huwezi kujua, na ndio maana watu kama Lucas Glover, bingwa wa US Open 2009, walipinga hadharani mapema.

Watetezi watakutajia Next 10 na Swing 5, zile ngazi za kuwapandisha walio kwenye fomu waingie Signature. Zipo na zinasaidia, na walioshinda msimu huo kama Jäger na Knapp nao hawakukaa nje. Lakini unapandia hizo ngazi kwa mashindano ya kawaida, na ukiyapunguza nafasi umeikata ngazi yenyewe chini. Wakati huohuo nafasi za mialiko ya wadhamini kwenye Signature 2024 zilikuwa zinakwenda kwa watu kama Adam Scott na Webb Simpson, ambao ni wachezaji wakubwa nawaheshimu, lakini walikuwa wanakaa kwenye bodi hiyohiyo ya tour. Nafasi kama hizo ungempa nani kama sio yule wa 110 anayecheza vizuri mwezi huo?

Na hii inatuhusu huku. Jorge Campillo alishinda Kenya Open pale Muthaiga Machi 2023, na mwisho wa msimu ule akawa mmoja wa 10 wa DP World Tour, ile tour ya Ulaya, waliopata kadi za PGA Tour za 2024, kundi moja na Pavon na MacIntyre. Kundi hilo la wageni ndani ya miezi saba lilishatoa ushindi mara tatu kwenye PGA Tour. Pro wa Kenya, Uganda au Tanzania akitaka kufika kule, njia kubwa inayoonekana ni hiyo inayopita Nairobi. Kadi 10 za Ulaya zimebaki, nawapongeza, ila mgeni anaingia huku ratiba hajaizoea, viwanja havijui, Signature hayumo, halafu unamwambia awe ndani ya 100 mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mimi 144 naikubali, na hata 20 za Korn Ferry naweza kuzimeza kama kweli watapewa mechi za kutosha. Ninachopinga ni 100 ikiwa pointi ni zilezile. Wangeacha 125 ibaki, au kama lazima iwe 100 basi mshindi wa Signature apate 500 kama wengine na zote 8 ziwe na mchujo wa Ijumaa. Genesis, Arnold Palmer na Memorial zilikuwa na mchujo mwaka huohuo wa 2024 na mastaa walikuja.