Dokta, Tuandikie

Vyuo vyetu vilipohamia mtandaoni vilibeba mdomo vikaacha kalamu. Mtandao tunaulaumu kila siku, na lawama nyingine unastahili. Lakini hata usiku ambao umeme upo, bando lipo na simu haikwamikwami, mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni hapa Uganda anaweza kumaliza muhula mzima bila kujua mhadhiri wake anaionaje kazi yake. Amemsikia sana. Hajajibiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mmoja wa wale walioambiwa cheti hakitoshi tena. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, na sisi wenye cheti cha Gredi III tukaangaliana. Nani ataacha darasa, shamba na watoto akakae Kampala miaka mitatu? Ndiyo maana tumejaa kwenye hizi shahada za masafa: mchana tunafundisha, usiku tunafundishwa, na chuo kizima kimo ndani ya simu. Katika kikundi chetu cha kujisomea yuko mwalimu wa Koboko, yuko dada anayefundisha shule iliyo ndani ya kambi ya jeshi Bombo, na yuko ndugu yetu Mkongo anayefundisha kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kinachotuunganisha ni Kiswahili. Kozi yenyewe ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Mambo huenda hivi. Kiongozi wa darasa anatuma ujumbe WhatsApp: Dokta (ndivyo tunavyomwita mhadhiri) amesema leo Zoom saa mbili usiku. Watu wanauliza kiungo kiko wapi, ingawa kiko hapo juu tu. Tunaanza kwa kuchelewa kidogo. Dokta anazungumza na slaidi zake, sisi tumezima kamera tusimalize bando, na kila baada ya muda anauliza, "Tuko pamoja?" Kimya. Mmoja anaandika "Ndiyo, Dokta", na mhadhara mzima unasonga mbele kwa idhini ya huyo mmoja. Baadaye inakuja PDF ya slaidi. Siku nyingine unakuja ujumbe wa sauti wa kueleza kazi tuliyopewa, na huo una balaa lake: unaurudia tena na tena ukitafuta kama kazi ni ya kurasa tano au kumi, na sentensi hiyo hasa ndiyo iliyofunikwa na honi ya boda boda.

Ukiwa na swali, unampa kiongozi wa darasa alipeleke. Huyu kiongozi ni mwanafunzi kama wewe, halipwi, naye ana kazi zake hajamaliza. Analipeleka swali akiwa amelifupisha, maana hawezi kumtumia Dokta aya nzima, na jibu likirudi nalo limefupishwa. Kuna wakati wengi wetu tulikatwa alama kwa sababu ya "kukosa uchambuzi", bila neno lingine lolote. Tukauliza uchambuzi uliotakiwa ni upi. Jibu lililotufikia: Dokta anasema someni maelekezo vizuri. Sijui kama Dokta alisema hivyo tu. Inawezekana alieleza vizuri kabisa, maelezo yakapungua njiani. Au mmoja wetu alimwandikia faraghani akajibiwa kwa kirefu, na jibu likabaki kwenye simu yake, nasi wengine tukarudia kosa lile lile kwenye kazi iliyofuata.

Mtu anaweza kusema haya ndiyo maumbile ya kusoma kwa mbali. Siyo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada za nje, yaani za kusomea mbali na chuo, za Elimu na za Biashara, mwaka 1991, kabla wengi wetu hatujawahi kuiona kompyuta. Watu walisoma kwa vijitabu, wakaandika kazi zao, wakakutana na walimu ana kwa ana kwa vipindi vichache vya mwaka. Uingereza, Open University ilianza kufundisha mwaka 1971, ikaweka uzito mkubwa kwa mwalimu msaidizi ambaye kazi yake ni kusoma alichoandika mwanafunzi, kukiandikia maoni na kukirudisha. Kule pembezoni mwa karatasi ndiko masomo yalikofanyika. Redio na televisheni vilikuwepo, lakini havikuweza kumwambia mtu mmoja mmoja, "aya yako ya tatu inapingana na ya pili."

Mwaka 1989 mtafiti wa elimu ya masafa aitwaye Michael Moore (si yule wa filamu) aliyagawa mawasiliano haya mafungu matatu: mwanafunzi na somo lenyewe, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na wenzake. Nikilipima darasa letu kwa mizani hiyo, fungu la kwanza limejaa, PDF hazina idadi. La tatu tumejitengenezea wenyewe, bila chuo kujua. La kati ndilo lenye shimo, nalo ndilo tunalolipia karo.

Najua tulifikaje hapa. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likatoa utaratibu wa dharura wa kufundisha kwa mtandao, na kila mhadhiri akashika kilichokuwa karibu. Makerere tayari ilikuwa na MUELE, jukwaa lake la masomo ya mtandaoni. Wengine walianzia sifuri. Katika dharura, kuuchukua mhadhara ulivyo na kuusukumia Zoom kulieleweka, na simlaumu aliyefanya hivyo mwaka ule. Lakini dharura imepita, na sisi bado tunafundishwa kidharura.

Halafu kuna hesabu ya shilingi. Saa moja ya Zoom yenye picha hula mamia ya megabaiti. Ukurasa wa maandishi matupu haufiki hata megabaiti moja. Nchi hii ilitutoza shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Sheria iliisamehe kodi hiyo data ya huduma za elimu na tiba, ila mimi ninaponunua bando sijawahi kuulizwa kama ni la shule au la kutazama mpira. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima. Maandishi huyapakua ukiwa mjini, ukayasoma nyumbani ambako mtandao haufiki. Mhadhara wa moja kwa moja ukikupita umekupita, na ule uliorekodiwa ni mzito kuupakua.

Hapa nakubali kwamba kuandika kuna woga wake, na woga huo ni mkubwa kuliko watu wanavyokiri. Swali la mdomo darasani hupotea hewani. Swali ulilolituma kwenye kundi la watu zaidi ya mia, kwa Kiingereza chenye kosa, linakaa pale muhula mzima. Sisi ni walimu. Mwalimu kuonekana amekosea "has" na "have" mbele ya walimu wenzake ni aibu ya kumnyamazisha mtu mwaka.

Kwa hiyo maswali ya kweli yanaulizwa kwingine. Katika kikundi chetu mtu anauliza kwa Kiswahili cha kwao, kimechanganyika na Kilugbara au Kifaransa cha Bukavu, tunabishana, tunachekana, tunaelewana. Tulipofika mada ya upimaji, moduli ilisisitiza upimaji endelevu: mwalimu amfuatilie kila mtoto, aandike maendeleo yake, amrudishie maoni kila wiki. Yule ndugu yetu wa Nakivale akauliza: "Jamani, mimi nina watoto zaidi ya mia darasani, wengine wamewasili juzi kutoka Kongo na Kiingereza hawana. Huo upimaji endelevu naufanyaje? Nianze na nani?" Kikundi kikawaka moto. Mwalimu wa Koboko akaeleza anavyowagawa watoto kwa makundi na kulikagua kundi moja kila siku. Dada wa Bombo akasema yeye huwaachia watoto wakubwa wawasahihishe wadogo, na matatizo aliyoyapata kwa kufanya hivyo, ambayo ni mengi. Lilikuwa swali bora la muhula ule. Halikumfikia Dokta. Tulijadiliana nani atalitafsiri kwa Kiingereza, kila mmoja akamtazamia mwenzake, siku zikapita. Dokta akaufunga muhula akiamini mada ya upimaji imeeleweka, kwa sababu mtu mmoja aliandika "Ndiyo, Dokta".

Hivi Dokta angejifunza nini kwa swali lile? Naamini mengi. Vitabu vingi vinavyonukuliwa kwenye moduli yetu vimeandikwa kwa madarasa ya watoto ishirini au thelathini.

Mhadhiri mmoja, mama wa makamo, alitufundisha namna nyingine. Kila Ijumaa alituandikia ukurasa mmoja. Juu aliweka maswali aliyoyapokea wiki ile, bila majina, kayanyoosha lugha yeye mwenyewe. Chini yake majibu. Mwisho akachukua aya moja kutoka kazi ya mwanafunzi, kwa ruhusa yake, akaonyesha ilivyo nzuri na inavyoweza kuwa nzuri zaidi. Ukurasa aliuweka kwenye jukwaa la kozi na kuubandika WhatsApp kama maandishi ya kawaida, usilazimike kufungua faili. Alitangaza pia saa anazojibu na saa asizojibu, na hakuna aliyenung'unika. Maana yule asiyesema anajibu lini ndiye anayepigiwa simu saa tano usiku.

Nasi wanafunzi tuna ya kwetu. Tunamwandikia mhadhiri "Habari Dokta", kisha tunangoja aitikie kama tumekutana sokoni. Ana mamia ya namba asizozijua. Andika jina, namba ya usajili, somo, kisha swali lenyewe na ulipokwama, vyote kwenye ujumbe mmoja. Salamu haikatazwi, ila ije pamoja na shida iliyoileta.

Wahadhiri ninaowafahamu wananijibu kwa hoja moja nzito: wengi ni wa muda, wanafundisha vyuo viwili vitatu, na wanalipwa kwa saa za kufundisha. Saa ya Zoom inahesabika. Jioni nzima ya kusoma maswali themanini na kuyaandikia majibu haihesabiki popote, ni sadaka. Hapo nawaelewa. Yule mama wa Ijumaa alikuwa akijitolea, na hatuwezi kujenga shahada nzima juu ya watu wa kujitolea.

Basi vyuo vibadilishe fomu ya malipo. Katika kila saa tatu zinazopangiwa kozi ya mtandaoni, moja iwe ya mhadhara na mbili ziwe za maandishi: maoni kwenye kazi na majibu yanayosomwa na darasa zima. Ushahidi wa kuzilipia ni rahisi kuupata kuliko ule wa Zoom, kwa kuwa upo pale, una tarehe, na mkuu wa idara anaweza kuusoma akiwa kwenye foleni ya benki. Na mhadhiri atakayelipwa kwa saa hizo halafu bado asiandike, huyo tutakuwa na la kumuuliza. Kwa maandishi, mbele ya darasa zima.