Kura 54 na lawama wanazobebeshwa waandishi

Kila risasi zinaporindima shuleni au kanisani Marekani, lawama ni ileile: waandishi wa habari wanapiga kambi siku chache, wanafungasha kamera zao, na wanasiasa wanashusha pumzi. Lawama hiyo ina mashiko. Australia ilikubaliana juu ya sheria mpya za bunduki siku 12 tu baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, Aprili 1996. New Zealand haikumaliza mwezi baada ya mauaji ya Christchurch, 2019. Waliotunga sheria machozi hayajakauka walifanikiwa.

Lakini Newtown, Connecticut, haikusahaulika. Desemba 14, 2012 waliuawa watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya msingi ya Sandy Hook. Miezi minne baadaye wazazi waliofiwa walikuwa Washington wakizunguka ofisi za maseneta, Rais Obama kalivalia njuga suala hilo, na kura za maoni zilionyesha Wamarekani karibu tisa kati ya kumi wanataka mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Aprili 17, 2013 pendekezo la kupanua uchunguzi huo, la maseneta Manchin na Toomey, Mdemokrati na Mrepublican, likapata kura 54 za ndiyo na 46 za hapana. Likafa.

Hamsini na nne kwa arobaini na sita, na walioshinda ni arobaini na sita! Kwenye Seneti yenye viti 100, walio wachache wanaweza kuuzuia mswada usipite, na kuvuka kizuizi hicho kunahitaji kura 60. Tena 54 hiyo ingekuwa 55, maana kiongozi wa walio wengi, Harry Reid, alipiga hapana kwa sababu ya kikanuni tu, ili aweze kulirudisha baadaye. Na kila jimbo lina maseneta wawili: Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina uzito sawa na California yenye watu milioni 39 hivi. Hata kamera zingekaa Newtown mwaka mzima, kura tano zilizobaki zingetoka wapi?

Mtu atanitajia Uvalde. Ni kweli, mwaka 2022, mwezi mmoja baada ya wanafunzi 19 na walimu wawili kuuawa huko Texas, Biden alitia saini sheria iliyopita Seneti kwa 65 dhidi ya 33. Joto la habari lilisaidia, sikatai. Ila sheria ile ilikatwa kwa kipimo cha 60: umri wa kununua bunduki za kivita haukupandishwa, wanunuzi wa chini ya miaka 21 waliongezewa uchunguzi tu.

Kama waandishi wana deni, basi ni kwamba wanawauliza maseneta kuhusu rambirambi kuliko kuhusu 60. Januari 2022 Wademokrati walitaka kuilegeza kanuni hiyo kwa ajili ya sheria za uchaguzi. Wawili wa chama hicho walikataa, na mmoja wao alikuwa Manchin yuleyule.