Mhudumu wa afya naye ahesabiwe miaka yake

Fundi magari aliyejifunzia kazi gereji ya mtaani anaweza leo kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, akapimwa anachokijua, akaongezewa pale alipopungukiwa, na akatoka na cheti kinachotambulika. Mpango huo unaitwa urasimishaji ujuzi, na umewafikia waashi, maseremala, wapishi na wengine wengi waliojifunza kazi kwa kuifanya. Hakuna anayemwambia fundi wa miaka kumi na tano akakae dawati moja na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, wafundishwe pamoja spana ni nini.

Mhudumu wa afya, hicho ndicho hasa anachoambiwa.

Namsema yule ambaye kwenye matangazo ya ajira anaitwa Mhudumu wa Afya Daraja la II. Amemaliza kidato cha nne, amesoma mafunzo ya mwaka mmoja, na majukumu yake yameorodheshwa vizuri: kuogesha na kulisha wagonjwa wasiojiweza, kuwasaidia haja, kupeleka sampuli maabara na kufuatilia majibu, kusafisha na kuandaa vifaa, kutunza maiti. Hayo ni ya kwenye karatasi. Aliyewahi kufanya kazi zahanati ya kijijini anajua pia yasiyoandikwa. Muuguzi yuko likizo ya uzazi, tabibu kaitwa semina wilayani, na saa nane usiku bodaboda inashusha mama mwenye uchungu mlangoni. Anayempokea ni nani, kama si huyohuyo mhudumu?

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi ya uuguzi awe amesajiliwa na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhudumu hana. Basi usiku ule mama akijifungua salama, kwenye ripoti mhudumu hatajwi. Mambo yakiharibika, anatajwa peke yake. Tumeujenga mfumo unaomtegemea kimya kimya na kumkana hadharani. Mimi ni muuguzi, nilianzia ngazi ya cheti nikajiendeleza hadi stashahada, na sisemi haya kwa huruma. Nasema kwa sababu naamini inawezekana kabisa kumtengenezea mhudumu mzoefu njia yake ya kufikia leseni, njia ambayo ni fupi bila kuwa rahisi.

Wenzangu wa kada wakisikia hivyo wanashtuka. "Unataka kila aliyevaa sare awe nesi?" Hapana. Ila tusijifanye hatujawahi kufanya jambo la namna hii, tena kubwa kuliko hili. Kuanzia miaka ya 1960, kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa ikiwachukua matabibu waliokwisha kufanya kazi, ikawaongezea miaka miwili ya masomo, wakawa madaktari wasaidizi. Hao ndio waliobeba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Watu walioanzia kutibu malaria zahanati walishika kisu na kuokoa mama na mtoto. Kama uzoefu ulihesabika kwa kisu, unashindwaje kuhesabika kwa sindano?

Kwa nchi za mbali, mfano ninaoupenda ni wa jimbo la California, Marekani. Kule kuna leseni ya muuguzi wa ngazi ya chini ya muuguzi kamili, wao wanaiita LVN, majimbo mengi ya Marekani yanaiita LPN. Njia ya kawaida ni kusoma chuo. Lakini bodi ya jimbo inamruhusu pia mtu aliyefanya kazi ya kulipwa ya kuhudumia wagonjwa vitandani kwa miezi 51 aombe kwa njia ya ulinganifu, yaani uzoefu wake uhesabiwe badala ya chuo. Miezi hiyo haitoki wodi moja tu; lazima awe amepita kwa wagonjwa wa magonjwa ya ndani na upasuaji, kwa wazazi au wagonjwa wa njia ya mkojo, kwa watoto. Angalau nusu yake iwe ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba, maana ujuzi nao huchakaa. Msimamizi wake anathibitisha kwa sahihi kwamba stadi anazozidai anaziweza. Juu ya hapo anasoma saa 54 za nadharia ya famakolojia, kisha anakaa mtihani uleule wa NCLEX-PN wanaokaa waliotoka chuoni.

Ndugu zetu wengi walioko Marekani, Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, Wakongo na Watanzania wa Texas, walianzia kwenye kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kuogesha na kugeuza wazee. Baadhi yao wakisikia habari ya California wanadhani wamepata mteremko. Wajue na upande wake wa pili: majimbo mengine yanataka mtu awe amehitimu chuo kinachotambulika, hivyo leseni ya ulinganifu inaweza isikuvushe mpaka wa jimbo.

Kilichonivutia zaidi ni zile saa 54. Aliyeupanga utaratibu huo alijiuliza swali zuri: miaka ya wodini inamfundisha mtu nini, na nini haimfundishi? Mhudumu mzoefu anamtambua mgonjwa anayezidiwa kabla mashine ya presha haijasema kitu. Anajua kumgeuza mtu asipate vidonda vya kulalia, na anajua namna ya kuzungumza na ndugu waliokasirika. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wengi hayo hawana. Lakini mpe magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Ameiona ikitolewa mara nyingi, huenda ndiye aliyeitoa kabatini. Je, anajua kwamba kabla ya dozi inayofuata lazima ahesabu pumzi na zisiwe chini ya 16 kwa dakika, agonge goti aone kama mguu unaruka, ahakikishe mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe karibu endapo dawa itamzidi mama? Anajua kwa nini? Macho peke yake hayafundishi hilo. Hapo ndipo darasa linapohitajika, na ndipo fedha na muda viende. Kumrudisha mtu huyo muhula mzima ajifunze kutandika kitanda chenye mgonjwa ni kumdharau, na ni kupoteza nafasi ya chuo.

Hoja nzito dhidi yangu imetoka hukohuko Marekani. Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza kwamba vyuo vitatu vya Florida vilikuwa vimeuza stashahada na hati bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola kwa karatasi zilizodai wamesoma na kufanya mazoezi ambayo hawakuyafanya. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba wapatao 2,400 kati yao waliufaulu mtihani wa leseni. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu, mtihani ndio mlango, anayeufaulu apite. Siwezi kusema hivyo tena. Mtihani unapima kichwa. Saa za wodini zilizothibitishwa na mtu mwenye leseni yake ya kupoteza zinapima mikono. Vyote viwili vinahitajika, na njia yoyote ya wahudumu itakayoachia kimojawapo nitakuwa wa kwanza kuipinga. Tunawajua watu wetu: sahihi ya msimamizi ikianza kuuzwa, ndani ya mwaka mmoja kila mwenye shemeji wilayani atakuwa muuguzi. Kwa hiyo anayesaini uongo afutiwe leseni yake yeye.

Kenya walilikabili tatizo la jamii hii, ila ngazi moja juu. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya kompyuta kwa wauguzi wa cheti wapande hadi stashahada bila kuacha vituo vyao. Waliolengwa walikuwa kama 22,000, na kuwasubirisha wote zamu ya kuingia madarasani kungechukua umri wa mtu mzima. Somo lilimfuata muuguzi kazini, na mazoezi aliyafanya kwenye vituo vya afya. Kwetu sisi, mhudumu anayetaka kusoma kwanza aache zamu, aache watoto, atafute ada, na kijiji kibaki bila hata huyo mmoja waliyekuwa naye.

Halafu kuna Fizikia. Kuingia cheti cha uuguzi kunataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa kijana wa miaka kumi na minane sina tatizo, lazima kuwe na kipimo. Lakini mama wa miaka arobaini aliyepata F ya Fizikia zamani, na tangu hapo amekaa wodini, anaambiwa akarisiti aje na D ya mikondo ya umeme na lenzi. Ningependa kukutana na mtu anayeweza kunieleza ile D itamsaidia nini mgonjwa wa wodi namba tatu. Kama tunataka kujua kichwa chake kinafanya kazi, Baraza limtungie mtihani wa kuingilia wenye hesabu za dozi, usomaji wa chati na Kiingereza cha kutosha kuelewa maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Akishindwa huo, sawa, ameshindwa jambo linalohusika.

Hata yote haya yakifanyika, kuna jiwe jingine njiani ambalo wizara na utumishi wanalijua vizuri. Mtu akirudi na leseni mkononi anahitaji kubadilishiwa kada, na hiyo inategemea kibali, ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Nimeona wauguzi waliorudi masomoni wakaendelea kulipwa kwa cheo cha zamani, huku wakifanya kazi ya cheo kipya. Mhudumu akiliona hilo kwa aliyemtangulia, hatajisumbua. Nafasi zitengwe kabla ya kozi kutangazwa.

Wahudumu wananiuliza waanzie wapi wakati njia yenyewe haijawepo. Nawaambia wanunue daftari gumu, waandike kila zamu: tarehe, wodi, kazi waliyoifanya, na sahihi ya muuguzi aliyekuwa zamu. Baadhi ya wauguzi wanakataa kusaini. Nendeni kwa wanaokubali.