"Kwa kuhitimisha" isiyohitimisha

Hivi mtu akisema "kwa kuhitimisha" kwenye harusi, huwa anahitimisha nini? Kuhitimisha ni kufika mwisho. Ndiyo maana mtoto wa chuo cha Kurani akimaliza juzuu, yaani sehemu zake, zote 30 tunasema amehitimu, na msibani Kurani ikisomwa yote tunaiita hitima. Hakuna juzuu ya 31! Lakini msemaji wa ukoo akishahitimisha ndiyo kwanza anakunywa maji, anageuza karatasi: "jambo langu la mwisho", kisha "nisingependa kukaa bila kugusia..." Anagusia mpaka mahari ya bibi yake. Pilau inapoa, watoto wamelala kwenye viti, mshereheshaji anakohoa kwenye maiki wee. Akikaa, anasimama mwingine: "Mimi sina mengi." Huyo ndiye balaa kabisa.