Msinionee wivu kasino, nioneeni wivu ukingo wa mto

Wageni wanaotoka nyumbani kuja kututembelea hapa Windsor, jimbo la Ontario, Kanada, nawapeleka mtoni jioni, na karibu wote wanafanya jambo lile lile. Wanapiga picha mbili tatu za maghorofa ya Detroit, Marekani, ng'ambo ya mto, halafu wanageuka kuitazama kasino yetu inavyowaka taa, na swali linafuata: sisi kwa nini hatuna kitu kama hiki Dar? Binamu yangu alikwenda mbali zaidi. Alisema akipewa yeye Kivukoni yote, Dubai watakuja kujifunza. Nimelijibu swali hili kwa mdomo hadi nimechoka, sasa acha niliandike.

Windsor ni mji wa viwanda vya magari, na viwanda vya magari vikipiga chafya mji mzima unaugua. Mwaka 1994 serikali ya jimbo ikaleta dawa yake: kasino, ya kwanza Ontario. Ilianzia kwa muda ndani ya jengo la makumbusho ya sanaa ya mji, na michoro ikahamishiwa kwenye jengo la maduka. (Sijatunga. Kwa miaka kadhaa watu waliingia kununua viatu na kupita kuangalia michoro.) Jengo la kudumu likafunguliwa 1998, na 2008 likapanuliwa, likaongezewa mnara wa pili wa hoteli na ukumbi mkubwa wa muziki, likapewa jina la Caesars.

Hesabu ilikuwa kwamba Mmarekani atavuka mto na dola zake, na kweli alivuka. Kuna daraja la 1929 na njia ya gari chini ya mto ya 1930, dakika chache tu uko upande huu. Tatizo la kumtegemea jirani ni kwamba jirani naye ana akili. Novemba 1996 wapiga kura wa Michigan, jimbo lenye Detroit, wakaruhusu kasino Detroit, na kufikia 2000 zilishakuwa tatu. Septemba 2001 ikaleta foleni mpakani. Mwaka 2006 Ontario ikapiga marufuku sigara ndani ya majengo, na wavutaji wakabaki kwao. Mwaka 2009 Marekani ikadai pasipoti au hati kama hiyo hata kwa raia wake wanaorudi kwa gari. Machi 2020 mpaka ukafungwa kabisa kwa watalii. Anayetaka kujenga uchumi wa mji juu ya mfuko wa mgeni aisome hiyo orodha taratibu.

Lakini hayo ni ya wachumi. Mimi linalonikera ni jinsi majengo haya yanavyojengwa. Mgeni anaegesha gari kwenye jengo la maegesho, anaingia moja kwa moja ndani. Chumba kiko juu, mashine ziko chini, ukitaka nyama ya kuchoma ipo, ukitaka mwanamuziki yupo, na penye barabara katikati kuna njia ya juu iliyofunikwa, unapita huku magari yanakwenda chini yako. Januari, baridi ikipiga kutoka mtoni hadi masikio yanauma, sitabisha, njia ile ni rehema. Ila Julai nayo watu wanapita mle mle. Mtu anaweza kutoka Ohio, akalala siku mbili Windsor, akarudi kwao hajakanyaga lami ya Windsor.

Ndani hakuna saa wala dirisha linalokuonyesha kama kumekucha. Wazee wa mabasi ya kukodi ndio wateja wa asubuhi. Niliwahi kumwangalia bibi mmoja, nywele nyeupe, kadi yake ya uanachama imechomekwa kwenye mashine na imeunganishwa na blauzi yake kwa kamba ya kujisokota kama ile ya simu za mezani za zamani. Alipoinuka kumsalimia rafiki yake, kamba ikavutika, ikamrudisha kitini. Alicheka mwenyewe.

Mitaa miwili mitatu kutoka pale ni Ouellette, barabara kuu ya katikati ya mji. Nendeni mchana wa Jumatano mhesabu milango yenye karatasi ya "inapangishwa". Usiku wa Ijumaa afadhali, kwa sababu hapa kijana wa miaka 19 anaruhusiwa kunywa na kucheza, wakati Detroit mpaka afike 21. Basi vijana wa kule wanavuka, wanapiga kelele, wanakula shawarma, wanarudi. Hao angalau wanatembea kwa miguu na mwenye mgahawa anawaona.

Ng'ambo nao walishapita njia hiyo mapema. Lile kundi la minara ya vioo linaloonekana kwenye kila picha ya Detroit, Renaissance Center, lilifunguliwa 1977 kwa ahadi kwamba litaufufua mji. Hoteli ya ghorofa 73 katikati, ofisi pembeni, madaraja ya vioo kuvuka barabara. Upande wa mjini wakaweka vizuizi vikubwa vya zege, jengo likawa ngome. Ilibidi wenye jengo waliofuata wabomoe zile kuta na kufungua upande wa mto ili watu wapite. Waliotumia pesa kujifungia wakatumia nyingine kujifungua.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kasino imewapa watu kazi, na kazi zenye chama cha wafanyakazi. Mwaka 2018 waligoma siku 60, kasino ikafunga milango muda wote huo, na wakarudi na mkataba. Nyumbani mhudumu wa hoteli akithubutu kulalamika kuhusu posho, kesho yake kuna mwingine kavaa sare yake. Na mchezaji aliyezidiwa anaweza kujiandikisha mwenyewe azuiwe kuingia, kamera zikimtambua sura anatolewa. Kwetu aliyezidiwa anaombewa tu.

Maana kamari tunayo tayari, tusidanganyane. Tuna mashine za Kichina za sarafu hadi kwenye kona za maduka ya mtaani, tuna mikeka inayochanika kila Jumamosi, tuna kile kindege kwenye simu kinachopaa na ada ya shule. Hatuhitaji jengo la ghorofa ishirini na kitu la kulilia. Hata Ontario tangu Aprili 2022 kampuni binafsi zinachezesha watu kwa simu, halali kabisa, kwa hiyo hata yule bibi siku hizi anaweza kubaki kwake na paka wake.

Sasa nielekeze macho ya wageni wangu pale ninapotaka. Kasino iko upande mmoja wa barabara ya Riverside. Upande wa pili, kati ya barabara na maji, hakuna kasino, hakuna hoteli, hakuna uzio. Zamani palikuwa pa reli na mabehewa. Jiji likapachukua kipande kwa kipande, reli zikang'olewa, zikapandwa nyasi, na leo unaweza kutembea kilometa kadhaa kandokando ya mto kuanzia chini ya daraja. Kuna sanamu njiani, mojawapo tembo wa shaba na wanawe wawili, na jina lake rasmi ni Tembo, hivyo hivyo. Jioni za kiangazi utakuta Wakongo wamekuja na watoto na sufuria ya wali, mzee wa Kihindi anavua samaki, tajiri aliyeshuka kutoka mnarani kavaa kandambili. Hakuna anayemuuliza mwenzake katoka wapi au kalipa nini.

Tunayo mifano yetu. Forodhani pale Unguja palikarabatiwa 2009 na pamebaki pa watu. Mama Ngina, Mombasa, 2019. Coco Beach na mihogo yake, Mungu ailinde. Lakini ondoka hapo uende kwenye fukwe zenye thamani, ukajaribu kuyafikia maji bila kupitia mapokezi ya hoteli. Kuta zimeshuka hadi mchangani, mlinzi anakuuliza unakwenda wapi, na wewe umezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo.

Windsor walilazimika kuichukua ardhi yao kutoka kwa makampuni ya reli. Sisi Tanzania Bara, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 zinatosha njia, miti, mabenchi na wauza madafu. Diwani anayajua majengo yaliyovuka alama hiyo katika kata yake, na kama hayajui basi aende na futi kamba. Muulizeni kwenye mkutano ujao wa mtaa, na mmuulize mbele ya watu.