Hapo Hapo, Usisogee!

Jana usiku niliichapa televisheni kofi, na mpaka sasa humu ndani nasalimiwa kwa kidevu.

Kisa ni mpira wa kikapu. Robo ya nne, tuko nyuma kwa pointi mbili, mchezaji wetu kaupata mpira, karuka, mkono juu. Ukumbi mzima umesimama, na mimi sebuleni nimesimama. Kikatokea kile kiduara. Kikaanza kuzunguka. Mtu wangu akaganda hewani, miguu haigusi chini, kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Kwa jirani nikasikia vigelegele. Halafu nikasikia "aaah!" ya uchungu. Halafu wakacheka. Mtu wangu bado yuko hewani, hajui hili wala lile.

Hapo ndipo mkono ulipotoka.

"Umeipiga TV?" mke wangu akauliza, kama vile nimempiga mgeni. "Umeipiga flati?"

Nikamwambia si mimi, ni mkono. Huu mkono umelelewa na TV za chogo, na chogo lilikuwa na taratibu zake. Picha ikipanda juu kama inahama nyumba, kofi la ubavuni. Sauti ikikatika, kofi la utosini. Rangi zikigoma, ngumi moja ya wastani kule nyuma kwenye matundu ya joto, na unaipiga huku umegeuza uso pembeni. Wala haukuwa ushirikina. Ile TV ilikuwa inachemka ikiwashwa na kupoa ikizimwa, miaka nenda miaka rudi, mpaka lehemu iliyoshika vifaa vya ndani inapata nyufa. Ukiichapa, vilivyoachana vinagusana tena. Kofi lilikuwa usuluhishi.

Hii ya sasa ukiipiga inakufa. Ukiibembeleza inakuomba neno la siri. Na neno lenyewe uliandike kwa rimoti, herufi moja moja, unasogeza kiboksi kutoka A mpaka P kama unasukuma kabati. Juzi nilikuwa natafuta alama ya mshangao. Nilipoipata, timu ilikuwa imeongezwa pointi nane na alama za mshangao ninazo usoni za kutosha nyumba nzima. Mara nyingine inakuambia inajisasisha, tafadhali usizime. Inajisasisha nini, dakika ya tano ya robo ya tatu? Chogo lilitoka dukani likiwa limeshamaliza shule.

Watoto wangu wakiliona chogo kwenye picha za zamani wanacheka. Wanauliza kule nyuma kulikuwa na nini. Nikawaambia kulikuwa na kazi. Kwenye shingo ya ule mrija wa kioo kuna kitu kinafyatua elektroni, zinapigwa kwenye kioo mstari kwa mstari, na kwa mfumo wa matangazo ulioitwa PAL ilikuwa mistari 625, picha 25 kila sekunde. Zidisheni. Ni mistari 15,625 kwa sekunde moja, bila intaneti na bila kiduara. Mimi kwa sekunde moja sikumbuki hata rimoti nimeiweka wapi.

Na uzito! Chogo la inchi 29 lilikuwa na kilo 40 na zaidi, na mbele ndiko kulikokuwa kuzito, kwa hiyo unalibeba umelikumbatia, kioo kifuani, nywele za mikono zimesimama kwa ule umeme wa kwenye kioo. Mwizi wa zama zile alikuwa mtu wa mazoezi. Wa leo anaiweka kwapani kama gazeti.

Juu ya chogo palikuwa na kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa picha ya harusi, na kando ya picha ya harusi paka. Paka alijua penye joto. Leo ukitaka kuweka kitambaa juu ya flati unakiweka wapi? Paka wetu amejaribu mara moja tu. Hakujaribu tena, na mimi nililipia kioo.

Lakini nisiwe mnafiki. Picha yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kuna kipindi chogo letu liliugua ugonjwa wa kubana picha. Weusi ulitoka juu na weusi ukatoka chini, picha ikabaki mkanda katikati. Mpira wa kikapu ukawa mchezo wa watu vibonge. Sasa, wakati huo kulikuwa na timu ya Washington, msimu wa 1987–88, iliyokuwa na mchezaji mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa pamoja. Manute Bol wa Sudan, mita 2.31, na Muggsy Bogues, mita 1.60. Dunia nzima ilikuwa inashangaa wakisimama pamoja. Mimi nilipowaona kwenye mkanda uliorekodiwa, sikuona ajabu yoyote. Manute Bol alikuwa kama mjomba wangu. Bogues alikuwa kama pasi ya nguo. Nilikuja kujua ukweli baada ya fundi kufika, nikakaa siku nzima sisemi.

Halafu kuna siku nilitoa sumaku kwenye spika mbovu nikaipitisha kwenye kioo, nione itakuwaje. Ikawa. Kona ya kulia juu ikashika ukijani ambao haukutoka. Chicago wanavaa nyekundu, si ndiyo? Basi kwetu mchezaji wa Chicago akikimbilia kona ile anahamia Boston, wavaa kijani. Akirudi katikati, anarejea Chicago. Baba alikuwa anakereka mno na usajili huo. Aliyefanya kitendo alitafutwa sana. Nami nilishiriki kumtafuta.

Adhabu yangu ilikuwa antena, japo kusema kweli antena ilikuwa yangu hata kabla ya kosa. Kila nyumba ilikuwa na mtoto wa antena. Anachaguliwa kimyakimya, kama anavyochaguliwa mtu wa kushika tochi fundi akiwa kazini. Wengine wanakaa ndani, wewe uko nje umeshika mlingoti, na mawasiliano ni kwa dirisha.

"Vipi huko?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Chenga!"

"Sasa je?"

"Hapo hapo! Usisogee!"

Ukiachia tu mlingoti, picha inaondoka, zinabaki chenga, vile vidoa vinavyorukaruka kwenye kioo. Ukishika, inarudi. Maana yake mwili wangu ulikuwa sehemu ya mtambo. Nimezijua fainali nyingi kupitia ukuta. Najua sauti ya kikapu kilichoingia, najua sauti ya kikapu kilichogonga chuma kikatoka, najua na sauti ya baba akiwa ameanza kusinzia katika robo ya pili.

Sihitaji kuonewa huruma, ila kuna mambo mawili yananiuma. Mwaka 1964 kule New Jersey wataalamu wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa iliyopiga kelele ya chenga isiyokwisha. Wakakuta njiwa wamefanya makazi humo na kuchafua. Wakawatoa njiwa, wakasafisha, kelele ikabaki palepale. Kumbe ni mabaki ya mnururisho wa ulimwengu ulipoanza, na sehemu ndogo ya zile chenga kwenye TV zetu ilikuwa inatoka huko huko. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nimefuta mavi ya ndege kwenye antena miaka chungu nzima, nimetazama chenga za mwanzo wa ulimwengu mpaka macho yakawasha, zawadi yangu ilikuwa kuambiwa nanawa vibaya.

La pili ni lile la James Naismith, aliyebuni mchezo wenyewe Desemba 1891 kule Springfield, Massachusetts. Alitundika vikapu vya kuwekea matunda, na vikapu vilikuwa na kitako. Mpira ukiingia, haudondoki. Lazima mtu apande ngazi aufuate. Naismith anaimbwa mpaka kesho, wafungaji wanaimbwa, na yule wa ngazi je? Mchezo wote umesimama unamsubiri yeye. Kila nikimfikiria nasikia kabisa watu wakimwambia aharakishe.

Juni 14, 1998. Hiyo ndiyo tarehe yangu. Mchezo wa sita wa fainali ya NBA, Chicago wako kwa Utah, Michael Jordan wa Chicago kaupokonya mpira, kaudunda kwenda upande wa pili, Utah wanaongoza 86 kwa 85. Mimi nje, nimekumbatia mlingoti, shingo nimeielekeza dirishani. Nikasikia kimya. Kimya kile nakijua, ni cha mpira ulio hewani. Na mimi binadamu jamani! Nikasogeza mguu mmoja, mguu mmoja tu, nichungulie.

"CHENGA!"

Sekunde 5.2 zilikuwa zimebaki, mpira umeingia, 87 kwa 86, ubingwa wa sita. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeuona ukiingia. Mkono wa Jordan ukiwa umebaki juu vile, ile picha ambayo kila mtu duniani anayo kichwani, sisi tulikuwa na chenga. Baba hakunipiga. Alitoka nje akanitazama tu, akarudi ndani. Heri angenipiga.

Kwa hiyo nilipokuja kuwa na kwangu, na TV yangu ya ukutani isiyo na mlingoti, nilijua sasa nitatazama nimekaa. Kumbe nimeruka mkojo nikakanyaga kinyesi. Kikapu chenyewe siku hizi hakina mwisho. Mchezo wa NBA ni robo nne za dakika 12, jumla dakika 48, lakini unakula zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya hizo iko kwenye dakika 2 za mwisho. Huyu kaomba taimauti. Anarudi, anachezewa rafu makusudi, anatupa mitupo yake. Yule naye kaomba taimauti. Matangazo. Sauti ya matangazo inapanda yenyewe, mtoto mchanga anaamka. Kisha waamuzi wanakwenda pembeni kwenye kioo kurudia tukio. Yaani mimi nimelipa bando niwatazame watu watatu wenye filimbi wakitazama televisheni! Na yao haigandi.

Afadhali waangalie, lakini. Munich mwaka 1972, fainali ya Olimpiki, sekunde 3 za mwisho zilichezwa mara tatu. Marekani walikuwa mbele 50 kwa 49, washaanza kukumbatiana, wakarudishwa uwanjani, na mara ya tatu Umoja wa Kisovieti wakafunga, 51 kwa 50. Wamarekani wakakataa medali zao za fedha na hawajazichukua mpaka leo. Sekunde 3 zina zaidi ya miaka 50 na kuna watu hawajakubali kwamba zimekwisha.

Tatizo jingine ni jirani. Yeye ana dishi, mimi natumia intaneti, na intaneti inanichelewesha karibu nusu dakika. Mtu atasema nusu dakika ni nini. Kwenye kikapu timu inapewa sekunde 24 tu kurusha. Sheria ililetwa 1954 na Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, kwa sababu wakati ule timu ikiongoza ilikuwa inaukumbatia mpira mpaka watu wanalala. Mwaka 1950 Fort Wayne waliwafunga Minneapolis 19 kwa 18, mchezo mzima! Sasa piga hesabu. Shambulizi ni sekunde 24, mimi niko nyuma karibu sekunde 30. Jirani ananitangulia shambulizi zima na chenji inabaki. Mtu wangu akianza kudunda mpira, mimi nishajua kwa sauti ya ukutani kwamba atakosa. Nimerudi kuusikiliza mchezo kupitia ukuta, tofauti ni kwamba ukuta si wetu.

Basi turudi jana, kofi limeshatua, TV imejizima na kuwaka upya, inataka neno la siri. Usidhani mchezo ulikuwa umeisha. Nimesema dakika 2 za mwisho. Tumeandika herufi zote, picha ikaja sekunde moja ikaganda. Intaneti ya nyumbani imekata roho. Binti yangu akasema, "Baba, tuwashie ya simu yako." Nikawasha. Kiduara. Nikasogea karibu na mlango. Kiduara. Nikapita dirishani, nikainua simu juu kidogo nitazame kama kuna mtandao.

"Baba! Hapo hapo! Usisogee!"

Picha imetulia, safi, unaona mpaka jasho. Wao wanaiona. Mimi nimeipa mgongo, pua iko kwenye wavu wa dirisha, mkono juu, bega limeanza kuuma. Zimebaki sekunde sita. Kwa jirani wamekaa kimya tangu zamani, pengine wameshalala wakiwa wanajua matokeo. Nyuma yangu ukumbi umenyamaza, sebule imenyamaza, na kimya kile nakijua.

Nikageuza shingo, kidogo tu.

"Baaaba!"

Nikairudisha. "Imeingia?"

"Nyanyua mkono, unashuka."