Nilivyopigania Kiti cha Petro

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alipotangaza kwamba tunatakiwa kutoa mtu mmoja wa kuoshwa miguu na padre Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha mitume wake 12, niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kisha nikakohoa mara mbili ili asinisahau.

Wenzangu walikuwa wanamtaka mama mmoja mjane anayefagia kanisa kila Jumamosi. Nikasema mitume walikuwa wanaume. Nikajibiwa kwamba Papa Fransisko aliruhusu wanawake tangu 2016, nikae chini. Nikakaa, nikasimama tena: jamani, mama mwenyewe ana mgongo, kule mbele atakaaje muda wote huo? Mama akatabasamu, akasema nipewe mimi.

Wiki nzima nilihudumia mguu wa kulia, maana paroko wetu huosha mmoja tu. Nikausugua kwa jiwe, nikaukata kucha, nikaupaka mafuta ya nazi. Wa kushoto niliuacha na magaga yake; haukuwamo kwenye ratiba. Mpwa wangu nikamkabidhi simu: "Padre akipiga magoti tu, piga." Maneno ya kuweka status yalishakuwa tayari: "Mimi ni nani, Bwana?"

Jioni yenyewe masika yakafunguka. Bodaboda akanishusha katikati ya dimbwi, viatu vikajaa maji vikawa vinaimba. Soksi zilikuwa mpya, nyeusi, za machinga, buku kwa jozi. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nawahi kiti cha kwanza, cha Petro, ambako taa inapiga vizuri.

Injili ikasomwa, mahubiri yakaisha, tukavua. Nikatazama chini nikakuta mguu wa mtu mwingine. Kuanzia kifundoni kwenda juu ni mimi. Kushuka chini ni sufuria ya kuni. Rangi ya soksi imeingia hadi kwenye kucha nilizozihangaikia.

Padre akapiga magoti. Mpwa naye akapiga magoti, simu juu. Nikavuta mguu chini ya kiti, nikanong'ona, "Baba, usinioshe."

Kumbe padre amevaa kipaza sauti. Kanisa zima likasikia, na kwa vile ndivyo Petro alivyofanya, wakadhani ni igizo. WAWATA, akina mama wetu wa Kikatoliki, wakapiga vigelegele. Padre akanikazia macho, akanijibu kwa maneno yaleyale ya Yohana 13: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami," akaukamata mguu kama anayekamata kambale.

Maji ya kwanza yakatoka meusi. Ya pili yakatoka meusi. Birika la mitume 12 likaishia kwangu. Mtumikiaji akakimbilia bombani, kwaya ikarudia wimbo mara tatu, mitume 11 wametulia mguu mmoja peku. Taulo jeupe likawa la fundi gereji. Kisha padre, ambaye haruki kitu kwenye ibada, akainama kuubusu. Alipoinuka alikuwa na masharubu ambayo hakuja nayo.

Mpwa alipata picha. Masharubu yanaonekana vizuri sana.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani kwa kanisa nafua taulo. Yule mama alimaliza kufagia, akaja akachuchumaa kando ya beseni langu, akanionyesha namna ya kusugulia limau na chumvi. Tukafua kimya. Kwa aibu nikamwuliza mgongo unaendeleaje.

"Mgongo gani, mwanangu?"